Bembea za Likoni na watoto wa Nakuru

SWALI: Shangazi, Agosti natoka Nakuru na watoto, wa miaka 3 na wa 7, twende kwa dadangu Likoni, Mombasa. Kuna kiwanja kidogo cha bembea hapo mtaani, niwapeleke saa ngapi?

JIBU: Mamii, saa sita usijaribu, ile slaidi ya chuma inawaka kama kikaango na hao wako wamezoea baridi yetu. Nenda saa kumi hivi, maji na kofia usisahau. Kagua minyororo kwanza juu hewa ya chumvi hula chuma haraka, ukiona kutu imetafuna pete ya juu huyo wa 7 asipande hata akilia (na atalia). Kakiwa kabovu kabisa, pandeni feri, kwa miguu ni bure, mvuke mpaka Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni, wakimbie wachoke.