Tozeni, lakini tope libebwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wenye nyumba wa Dar watozwe hela kila mwaka za kutunza mitaro na kingo za mito. Nilitaka nijibu hapana, maana tayari tunakatwa. Kodi ya majengo ipo kwenye luku tangu 2021, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500, na anayekatwa ni anayenunua umeme, yaani mpangaji, eti atamalizana na mwenye nyumba wake. Mpangaji gani wa chumba kimoja ataenda kudai buku jero kwa mama mwenye nyumba?

Ila swali langu mimi ni hili, tope likishatolewa mtaroni linaenda wapi?

Huku kwetu bondeni mwaka mmoja, kabla ya masika, mjumbe alipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango wa kuzibua mtaro. Vijana wakaingia na machepe, wengine peku, wakatoa nepi, viroba, nywele za saluni, godoro zima, mpaka tukaona zege la chini ambalo watoto wetu hawakuwahi kuliona. Tope wakalirundika pembeni likauke, gari lije. Gari halikuja. Mwenye kirikuu alitaka hela ambayo mchango haukufika, mjumbe akarudi kuomba tena watu wakamfungia milango. Wenye nyumba za kule juu ndio hawakutoa kabisa, wakasema maji hayawafikii, wakati maji ya mabati yao ndiyo yanayotushukia sisi! Mvua ikapiga usiku, rundo lote likarudi mtaroni, na kuna waliotumia nafasi hiyo kutapisha vyoo. Jirani yangu fundi cherehani alipandisha vitambaa vya wateja juu ya kabati, akakaa mpaka asubuhi amekumbatia kichwa cha cherehani, maji yako magotini.

Sasa nikikumbuka wale wa juu naona mchango wa hiari hautatufikisha popote. Desemba 2011 mafuriko ya mto Msimbazi na mabonde mengine ya Dar yaliua makumi ya watu, waliookoka wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, leo kuna mkopo wa Benki ya Dunia na mradi wa daraja jipya Jangwani, sawa, lakini mkopo unajenga, haumlipi mtu wa kuzoa mchanga kila mwaka, na mto ule hauachi kuleta mchanga.

Kwa hiyo tozeni. Lakini mlimani walipe sawa na bondeni, ghorofa zaidi, mpangaji asiguswe, hela isipande kwenda kuchanganywa na nyingine huko juu, ikae kata na mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Na gari la kubeba tope lilipiwe kwanza kabla chepe halijaingia mtaroni. Kama hilo la gari haliwezekani, basi jibu langu ni lile la mwanzo, hapana.