Idhaa, kipindi au programu?

Swali: Ninatafsiri ukurasa wa ratiba ya redio ya Uingereza ya mwaka 1951 kwa ajili ya wanafunzi wangu wa utangazaji. Nimeandika hivi: “Programu Nyepesi ilitangaza programu ya akina mama saa 2:00 mchana. Usiku Programu ya Tatu ilikuwa na mazungumzo ya mnajimu.” Mwenzangu kasoma, kacheka, na hakuniambia kosa liko wapi. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Nadhani mwenzako alichekea mnajimu. Huyo ni mtazamia nyota, wa kukwambia kama mwezi huu utapata mchumba. Anayechunguza nyota kwa darubini ni mwanafalaki, au mwanaastronomia ukipenda.

Lakini kinachoniumiza kichwa zaidi ni programu. Waingereza walikuwa na neno moja kwa vitu viwili, nawe ukawafuata mguu kwa mguu. Siku hizo BBC ilikuwa na Home Service ya habari, michezo ya kuigiza na watoto. Light Programme, iliyoanza Julai 1945, ya muziki na vichekesho. Na Third Programme, iliyoanza Septemba 1946, ya mashairi, muziki mzito na wasomi. Hizo tatu ni idhaa. Wazee waliokulia na Redio Tanzania hawahitaji kufundishwa hili: kulikuwa na Idhaa ya Taifa na Idhaa ya Biashara, redio ileile moja. Hata BBC yenyewe, ilipoanza kutangaza kwa lugha yetu tarehe 27 Juni 1957, tuliipokea kama Idhaa ya Kiswahili. Basi shirika lina idhaa, na idhaa ina vipindi. Kipindi kina saa ya kuanza na saa ya kwisha. Programu waachie watu wa simu na kompyuta. Sikio la leo linalipeleka huko, utake usitake.

Jina lenyewe usilitafsiri. “Programu Nyepesi” inasikika kama kitu cha kupunguza uzito. Andika “idhaa ya Light Programme”, na mara ya kwanza uongeze “ya burudani”. Kipindi chako cha akina mama bila shaka ni Woman's Hour, kilichoanza Oktoba 1946. Hapo “kipindi cha akina mama” ni Kiswahili safi cha redio, ingawa mtangazaji wake wa kwanza, Alan Ivimey, alikuwa mwanamume.

Sasa hiyo saa 2:00 mchana. Kwetu saa mbili ni asubuhi au usiku, hakuna saa mbili ya mchana. Kipindi kile kilikuwa saa nane mchana. Robo saa kabla yake, saa nane kasoro robo, walikuwa wanasimuliwa hadithi watoto wa chini ya miaka mitano. Mama na mtoto wanakaa redioni pamoja, kisha zamu ya mama inafika. The Archers, mchezo wa redio wa wakulima wa kijiji cha kubuni cha Ambridge, ulisikika saa moja kasoro robo jioni. Hesabu hii uifanye ukurasa mzima, usiichanganye. Mwanafunzi akikuta saa ya Kizungu mstari mmoja na ya Kiswahili mstari wa pili atapotea.

Kitenzi pia kinahitaji uangalifu. “Ilitangaza kipindi” yaweza kueleweka kuwa ilitoa taarifa kwamba kipindi kitakuwapo. Sema idhaa ilirusha kipindi, au kipindi kilisikika. Na ukiandika “matangazo ya BBC”, msomaji wa leo atafikiria sabuni na soda, wakati BBC haikuchukua hata tangazo moja la biashara: wasikilizaji walilipia leseni ya redio, pauni moja kwa mwaka tangu 1946. Waliotaka matangazo ya biashara walisubiri usiku wakatafuta Radio Luxembourg. Kwa hiyo “matangazo ya redio” kwa ujumla, “matangazo ya biashara” kwa yale ya kuuza.

Nimeyaacha mazungumzo mwisho kwa sababu hapo sina hakika wenzangu wote watakubaliana nami. Mtu mmoja anaweza kuzungumza na umma, ni kweli. Ila ukisema redio ilikuwa na mazungumzo, mimi nasikia watu wawili, huyu akiuliza, yule akijibu. Tazama Fred Hoyle, mwanafalaki wa Cambridge, Machi 1949 kwenye Third Programme: alisoma maneno aliyokwisha kuyaandika, na ndani yake ndimo jina “Big Bang” liliposikika kwa mara ya kwanza, yaani ule Mlipuko Mkuu unaosemwa kuwa mwanzo wa ulimwengu. Baadaye maandishi yale yalichapwa katika jarida la BBC, The Listener. Kitu kinachoandikwa, kikasomwa, kisha kikachapwa, kwetu ni makala, na redio zetu zimelizoea neno hilo.

Sentensi yako basi: “Saa nane mchana, idhaa ya Light Programme ilirusha kipindi cha akina mama. Usiku, Third Programme ilikuwa na makala ya mwanafalaki.”

Utakutana na taarifa ya habari ya saa tatu ya Home Service. London mwezi Juni jua huwa halijazama saa hiyo. Andika “saa tatu usiku” vivyo hivyo, na mwanafunzi akiuliza, mwonyeshe kwenye ramani jinsi London ilivyo mbali kaskazini.