Usivuke taa nyekundu ya kipilefti usiku, hata barabara ikiwa tupu

Usivuke. Nimesoma swali lako lote: kero ya kusimamishwa na taa nyekundu saa nane usiku kwenye kipilefti kisicho na gari jingine, mafuta yanayoteketea bure, taa inayogoma kubadilika, na kama kuna namna ya kudai taa hizo zizimwe usiku. Katikati ya hayo umeandika kwamba umeshauriwa "uangalie pande zote kisha upite taratibu". Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nijibu kabla hata ya kusoma majibu ya wengine, kwa sababu ushauri huohuo nilipewa mimi na dereva mzoefu niliyemwamini, nikaufuata, na gari langu likaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kero yako ni ya haki. Kipilefti kimeundwa ili magari yapishane yenyewe kwa kanuni nyepesi, ile ambayo Uingereza iliiweka rasmi mwaka 1966 na ambayo leo inafuatwa katika nchi nyingi, kwamba anayeingia humpisha aliyekwisha kuwa ndani. Taa huongezwa pale magari ya njia moja yanapokuwa mengi mno hata wa njia nyingine wasipate upenyo wa kuingia, na usiku wa manane wingi huo haupo. Kwa hiyo unaposimama pale peke yako unaona, na unaona sawasawa, kwamba taa inafanya kazi ambayo haihitajiki kwa saa hiyo.

Hapo ndipo mshauri wako anapokupoteza. Anakwambia kwamba kama taa haihitajiki, basi uichukulie kama haipo, urudi kwenye kanuni ya kumpisha aliye ndani. Lakini kanuni hiyo hufanya kazi kwa kuwa madereva wote wawili wanaifuata kwa wakati mmoja. Kipilefti chenye taa hupangwa kwa jozi: mstari wako wa kuingilia ukiwa na nyekundu, wale wanaokatiza mbele yako ndani ya mzunguko huwa wamepewa kijani. Anayekuja kutoka upande huo hapunguzi mwendo kukusoma utafanya nini. Ameona kijani, anajua wewe umezuiwa, na ana haki ya kuamini hivyo. Wewe unaendesha kwa kanuni ya kipilefti, yeye anaendesha kwa kanuni ya taa, na mnakutana mahali pamoja.

Sasa angalia hilo neno "taratibu" ambalo linasikika kama busara. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki, huwa amekwisha kupita mita 20 kabla gari halijaanza kupungua. Wewe unayejongea kwa gia ya kwanza unakaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko ambavyo ungekaa kama ungevuka kwa kasi ya kawaida, umelala kwa ubavu, mahali ambapo bodi la gari ni jembamba kuliko kokote. Kupita taratibu hakupunguzi hatari hiyo hata kidogo. Kunaongeza muda wa kuwa ndani yake.

Na kuangalia pande zote? Niliangalia. Bustani ya katikati ya kipilefti mara nyingi huinuliwa na kupandwa vichaka, na kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwani humlazimisha dereva anayekaribia kupunguza mwendo badala ya kuona moja kwa moja hadi ng'ambo. Lakini vichaka hivyohivyo huficha taa za gari lililo upande wa pili. Nilichokiona kabla ya kuvuka mstari kilikuwa lami tupu chini ya nguzo za umeme. Nilichokiona baada ya kuvuka ni mwanga uliofagia majani kwa ghafla, kisha gari lenyewe, kisha mlango wa nyuma ukaingia ndani. Hakuna aliyeumia vibaya, na kwa hilo ninashukuru hadi leo. Askari wa usalama barabarani hakutaka kusikia habari za saa nane usiku wala za barabara tupu. Aliuliza taa yangu ilikuwa rangi gani. Bima ililipa gari la mwenzangu na kulikataa langu. Yule aliyenifundisha, nilipomweleza, alisema kwamba bila shaka sikuangalia vizuri. Ninamkasirikia kwa maneno hayo kuliko ninavyomkasirikia kwa ushauri wenyewe, maana ndivyo ushauri wa namna hiyo unavyoendelea kuishi: ukifaulu sifa ni zake, ukishindikana lawama ni zako.

Kuhusu taa inayogoma, tazama kwanza mahali unaposimama. Taa nyingi hutambua gari kwa kitanzi cha waya kilichofukiwa ndani ya lami karibu na mstari wa kusimamia. Waya huo hupitishiwa umeme, na chuma cha gari kikiwa juu yake mkondo hubadilika, na mtambo unajua kuna anayesubiri. Uzito hauhusiki. Mara nyingi utaona alama ya mkato uliozibwa kwa lami nyeusi, wenye umbo la mstatili. Ukisimama mbali nyuma yake kwa kuogopa, au ukijisogeza hadi magurudumu ya mbele yapite mstari kwa kukosa subira, mtambo unaweza usikuone kabisa. Mwenye pikipiki asimame juu ya mkato wenyewe, si katikati ya mstatili. Kupepesa taa kubwa hakusaidii kitu kwa kitanzi cha aina hii. Na kama mahali hapo hapana kitanzi, huenda taa zinakwenda kwa mzunguko wa muda uliopangwa, na hapo zamu yako itafika.

Kuzimwa usiku kunawezekana, na ni jambo la kudai. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na taa za barabarani unaitambua taa ya njano inayowaka na kuzima kuwa ruhusa ya kupita kwa tahadhari. Ujerumani, miji mingi huzima baadhi ya taa zake usiku. Uingereza ina vipilefti ambavyo taa zake huwaka kwa saa maalumu tu. Hilo ni salama kwa sababu madereva wa njia zote wanaona kitu kilekile, taa zimezimwa, na wote wanarudi kwenye kupishana. Wewe ukijizimia taa yako peke yako, ya mwenzako bado ni kijani.

Waandikie wanaosimamia barabara hiyo. Taja njia uliyotokea, saa, muda uliosubiri, na kama ulikuwa umesimama juu ya kitanzi, kwa sababu kitanzi kilichokatika ni hitilafu ambayo fundi anaweza kuipima na kuirekebisha hata kabla hawajaamua lolote kuhusu kuzima taa.