Kituruki: ile "n" ya evinde imetoka wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini evi, yaani nyumba yake, ikiongezwa -de ya mahali inakuwa evinde badala ya evide, na utajuaje kama ni nyumbani kwako au kwake. Nimeishi Ankara nikisoma, na hili nililisikia kila siku.

Kwanza, Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. Tunasema mwanangu, mkeo, mumewe. Mmiliki amebandikwa mwishoni. Waturuki hufanya hivyo kwa nomino zote: evim, evin, evi, evimiz, eviniz, evleri, yaani nyumba yangu, yako, yake, yetu, yenu, yao. Mpangilio haupinduki: shina, wingi, mmiliki, ndipo mahali. Evlerimde, kwenye nyumba zangu. Sisi tukisema nyumbani kwangu, mahali pametangulia. Kwao panafunga neno.

Sasa hiyo n. Mmiliki akiwa "yeye", kiambishi cha -i (kitendwa), -e (kuelekea), -de (mahali), -den (kutoka) au -in (umiliki) kikimfuata, n lazima iingie katikati: evini, evine, evinde, evinden, evinin. Wenyewe wanaiita zamir n'si, yaani n ya kiwakilishi. "Wewe" naye ana n yake ya asili, ev-in-de, ndiyo maana maneno mawili yanagongana herufi kwa herufi. Mwanafunzi mwenzangu aliwahi kuniandikia: "Çantan evinde." Begi lako liko nyumbani, lakini kwa nani? Tulikuwa tunamzungumzia rafiki yetu, kwa hiyo niliuliza: "Benim evimde mi, onun evinde mi?" Yaani, nyumbani kwangu au kwake? Akajibu: "Onun." Kwake. Wenyeji nao wanategemea senin (yako) na onun (yake) kuondoa utata.

Ndiyo maana nakushauri kwa dhati usianze mazoezi na ev. Anza na araba, gari. Neno likiishia na irabu, kwa kawaida shaka yote inakwisha: arabanda ni garini kwako, arabasında ni garini kwake (-de imekuwa -da kufuata irabu za neno). Sikio likishazoea, rudi kwenye ev.

Pia usifikiri n inahitaji mmiliki wa kweli. Kituo cha basi ni otobüs durağı, chenye kiambishi kile kile cha "yake" mwishoni; hakuna mwenyewe hapo, lakini kituoni ni otobüs durağında. Ukipanda mabasi utaisikia mpaka ikae kichwani.

Wauzbeki, ambao lugha yao ni ndugu ya Kituruki, hawana n hii baada ya "yake": uyida kwake, uyingda kwako.

La kukariri ni su, maji. Linaishia na irabu, ila maji yake ni suyu, si susu, na yako ni suyun. Kwa hiyo suyunda inabeba zote mbili, kwenye maji yako na kwenye maji yake, na hapo utahitaji tena senin au onun.