Anti, jioni kwenye meli nivae nini?

Swali: Shikamoo Anti. Mimi na mume wangu tumepata safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii, tunazunguka visiwa vya Karibiani, na ndo mara yetu ya kwanza kabisa. Mchana sina wasiwasi, nguo za kuogelea na kaptula zipo. Shida yangu ni jioni. Mmoja kaniambia kila usiku watu wanavaa kama wanaenda harusini, mwingine ananiambia we vaa tisheti na ndala hakuna atakayekuangalia. Nimeshaanza kununua magauni na begi limejaa, na mume wangu kanuna maana suti hataki hata kuisikia. Nisaidie kabla hela haijaisha. *Msafiri mpya*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa safari. Kwanza simamisha manunuzi leo hii, na hilo gauni la mwisho ulilonunua liache na risiti yake. Hao waliokushauri wote wawili wanasema kweli, ila itakuwa walipanda meli za kampuni tofauti, na kwenye mavazi ya jioni kampuni hizi hazifanani hata kidogo.

Chukua Carnival, wao safari fupi ya siku 2 mpaka 5 wanaweka usiku mmoja wa kuvaa vizuri zaidi, safari ya siku 6 kwenda juu wanaweka usiku 2, jioni zilizobaki ni kawaida tu hata jinzi isiyochanika unaingia nayo kula. Norwegian walileta utaratibu wao wa uhuru mwaka 2000, unakula muda unaotaka, unakaa na unayemtaka, suti hulazimishwi. Celebrity waliufuta usiku rasmi wa kizamani mwaka 2015 wakabaki na jioni za kuvaa kimaridadi ambazo mwanaume akiwa na koti zuri bila tai yuko sawa kabisa. Halafu kuna Cunard, na huko ni habari nyingine, ikifika saa 12 jioni meli inabadilika, na usiku wao wa gala mwanaume anatakiwa taksido, ile suti ya sherehe ya tai ya kipepeo, au suti ya rangi nzito na tai, mwanamke gauni la jioni au suruali ya kitambaa yenye heshima yake, na asiyetaka anakula kwenye bafe na sehemu chache walizozitenga. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote ingia kwenye tovuti ya kampuni yenu, tafuta ukurasa wa mavazi, soma vitu viwili tu: usiku rasmi ni mara ngapi, na nini hakiruhusiwi kwenye ukumbi mkuu wa chakula. Angalia pia kama kuna usiku wenye mada yake, manake Virgin wana usiku wa kuvaa nyekundu, Disney wana usiku wa maharamia wa baharini ambao watoto wanaupenda sana, na meli nyingi zina sherehe ya mavazi meupe. Kwa hizo hununui kitu kipya, kitambaa kimoja chekundu au shati jeupe ulilonalo linatosha.

Usiku rasmi mara nyingi unaangukia siku ambayo meli iko baharini kutwa nzima, maana watu wana muda wa kuoga na kujiandaa, na kwa safari nyingi inaweza kuwa jioni ya pili tu tangu mpande. Jioni ya kwanza yenyewe haina masharti makubwa na sababu yake ni mabegi. Mnayakabidhi bandarini kwa wapagazi na mnakuja kuyaona mlangoni kwa chumba chenu baadaye, wakati mwingine jioni kabisa watu wameshaenda kula. Kwa hiyo kwenye mkoba wa mkononi weka gauni moja jepesi linalokunjika bila kuharibika, shati la mzee, na viatu vya wazi. Usiku wa mwisho mambo yanageuka, mabegi makubwa yanawekwa nje kwenye korido usiku ili yachukuliwe, na kuna watu wanafunga kila kitu halafu asubuhi wanajikuta na nguo za kulalia tu. Toa kando nguo za kushukia, na viatu, viatu ndo vinasahaulika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalisema kila nikiulizwa na watu hawaniamini mpaka wafike: adui yako jioni ni baridi, sio joto. Watu wanasikia Karibiani wanafungasha nguo nyepesi tupu. Ukumbi wa chakula na ukumbi wa maonyesho AC inapiga mfululizo, na ukikalishwa meza iliyo chini ya lile tundu lake na umevaa gauni la mgongo wazi, supu haijafika umeshaanza kujikunja. Angalia meza za jirani utaona wanawake wamejifunika leso za mezani mabegani. Halafu mkimaliza kula mnatoka sitahani na hewa inakukumbatia, nzito, ya moto, yenye unyevu, na juu ya hapo upepo, maana meli ikishika mwendo inaweza kwenda karibu kilomita 37 kwa saa, kwa hiyo hata usiku ambao bahari imetulia wewe kule juu unapigwa na upepo wa mwendo wenyewe. Jioni moja unapita hali ya hewa mbili na unarudi tena ndani. Dawa yake ni kitu cha kuvaa juu. Mtandio mpana, au koti jepesi la kusuka, rangi moja inayoendana na magauni yote, hicho ndo kitu ambacho ningekuambia utoe hela. Kuliko gauni la nne, nunua mtandio mzuri.

Na huo upepo ufikirie unapochagua sketi. Gauni fupi lenye marinda mengi chini kwenye sitaha ya wazi utalishika kwa mikono miwili usiku kucha, huwezi hata kubeba glasi. Refu lenye uzito kidogo linakaa lenyewe.

Vitambaa sasa. Pasi msibebe, wala ile mashine ya mvuke, kampuni karibu zote zinakataza vyumbani kwa sababu ya moto na wakiikuta kwenye ukaguzi wa mabegi wanaishikilia mpaka mwisho wa safari. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi, ila jioni ya usiku rasmi foleni yake sio ya kusimamia na nywele zimeshatengenezwa. Kwa hiyo chagua kitambaa kinachosamehe: jezi ile inayovutika, krepu, viskosi iliyochanganywa. Kitani ni kitamu kwenye joto ila kikikaliwa dakika kumi kimekunjamana, kivae kwa usiku wa kawaida. Hariri tupu inaonyesha jasho kwapani na kwenye unyevu ule jasho halikosi. Nguo ikitoka kwenye begi imejikunja itundike bafuni ukiwa unaoga maji ya moto na mlango umefungwa, bafu la meli ni dogo sana mvuke unajaa haraka, ukitoka ipitishe mkono kuinyoosha. Kingine, kuta za vyumba kwenye meli nyingi ni za chuma, ndoano ndogo za sumaku zinanasa vizuri tu, mnatundikia mitandio na mikoba maana kabati lenyewe ni dogo na hanga hazitoshi.

Viatu: mchuchumio mwembamba uache nyumbani, naomba unisikilize hapa. Meli inatikisika hata kama kidogo, sitaha za mbao zina mistari ya kunasa kisigino, na milango mingi ya kutokea nje ina kizingiti kilichoinuka ambacho usiku hukioni vizuri. Kisigino kipana au kile kilichojaa chini chote, chenye mkanda wa kushika kifundo, unapata urefu na unatembea. Jozi moja hiyo na sendozi bapa za kupendeza moja, basi.

Kuna kitu kingine kidogo lakini kinauma kweli. Mchana mkikaa juani mabega yanaungua, na ikifika jioni ile mikanda myembamba ya gauni inakaa juu ya kidonda. Hakikisha angalau gauni moja halina mikanda ya kukata mabega, lenye mkono mlegevu, utalishukuru.

Kwa siku zenu saba hesabu yangu ni hii: gauni moja la usiku rasmi na sio lazima liwe refu mpaka chini, kwenye meli nyingi gauni la magotini lenye kitambaa kizuri linapita kabisa, na usiku rasmi wa pili unalirudia na hereni nyingine na mtandio, hakuna anayekumbuka. Suruali moja nyeusi inayomwagika, blauzi tatu za kubadilisha, gauni moja jepesi la jioni za kawaida. Vyote viwe ndani ya rangi mbili tatu zinazoelewana ili kila cha juu kikubali kila cha chini. Vingine rudisha dukani.

Mzee wako mwambie asinune. Kama meli yenu sio ya masharti makali, suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu na koti moja la rangi nzito vinamtosha hata usiku rasmi, na jioni nyingine shati la kola tu. Na kama siku hiyo hataki kabisa basi bafe iko wazi, kaleni huko kwa amani, mmelipia kupumzika. Ila kitu kimoja sikubaliani nacho ni kung'ang'ania kuingia ukumbi mkuu na kaptula za kuogelea na ndala wakati utaratibu umeandikwa. Mnaweza kurudishwa mlangoni, na hata msiporudishwa kuna watu wamejipanga kwa ajili ya jioni ile, labda ni kumbukumbu ya ndoa yao, waheshimuni. Wapiga picha wa meli watakuwepo na mapazia yao, pigeni tu hata zile nyingi, kununua sio lazima.

Swali: Asalaam aleikum Anti, mimi navaa hijabu na magauni marefu. Nitaonekana sijafuata utaratibu usiku rasmi? Na kofia nasikia haziruhusiwi mezani.

Jibu: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kofia wanazokataza ni zile za michezo, kapelo, hijabu haiingii humo. Masharti ya usiku rasmi yanapima nguo imekaa rasmi kiasi gani, hayapimi umeacha wazi kiasi gani, kwa hiyo gauni lako refu la kitambaa kizuri na mtandio wa kufanana uko juu ya wengi mle ndani, na ile baridi ya AC wewe haikupati. Cunard wenyewe wanakubali hata vazi rasmi la kitaifa kwenye usiku wa gala. Ushauri wangu ni wa upepo tu: shifoni sitahani inaruka na pini zinachomoka, chukua mitandio ya jezi na kofia ya ndani inayoshika, shifoni ivae siku ambazo mna uhakika mtabaki ndani. Na usiufunge mdomo wa gauni kwa chini ukawa mwembamba sana, hatua za ngazi za meli zinataka nafasi.

Swali: Anti shkamoo, sisi ni washkaji wanne, jioni meli ikibaki bandarini tunataka kushuka tukale na kucheza muziki mjini. Tumepanga wote tuvae kombati za mabaka ya jeshi tutoke sare. Iko poa?

Jibu: Marahaba, haiko poa wanangu, tena nimefurahi mmeuliza mapema. Barbados, Jamaica, Trinidad na Tobago na visiwa vingine kadhaa vya huko sheria inakataza raia kuvaa mabaka ya jeshi, suruali, kofia, hata begi, na Barbados sheria inamgusa mpaka mtoto mdogo. Askari anaweza kuwanyang'anya au mkaingia kwenye matatizo makubwa zaidi na meli haiwasubiri. Sare yenu iwe rangi, mashati ya rangi moja na suruali nyepesi ndefu, ndefu nasema kwa sababu baharini mbu hawapo ila mkishuka nchi kavu jua likizama wapo na homa ya dengi ipo maeneo hayo, pakeni na dawa ya kuwafukuza. Bukta za kuogelea na vifua wazi viishie ufukweni. Hizo kombati msizipakie kabisa.