Kijana, Injini Kubwa ya Nini?

Wiki hii msomaji mmoja kijana ameniandikia kuulizia injini ya nguvu za farasi 40. Boti yake ina urefu wa futi 12, na anachotaka ni kuvua siku za mapumziko tu. Nimemjibu kwa ufupi: tazama kibao kilichobandikwa ndani ya boti, kinachotaja mwisho wa uzito na nguvu za injini. Ukishakisoma, hizo 40 utazisahau. Jibu refu ni hili.

Mimi nimelelewa na injini ndogo. Mjomba alikuwa na boti ya alumini na mashine ya farasi 6, zile za zamani zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Kuchanganya ilikuwa kazi yangu: lita moja ya oili kwa petroli lita 25. Nyingi za aina hiyo zilizokuja baadaye hutosheka na nusu lita. Ule moshi wa alfajiri, mpaka leo nikiunusa popote nageuza shingo.

Kuiwasha kulikuwa na adabu yake. "Usivute kwa hasira," mjomba alikuwa akiniambia. "Vuta taratibu mpaka usikie imeshika, ndipo uvute kwa nguvu." Ukiisumbua na choki, kile kivuta cha kuzidisha petroli wakati wa kuwasha, petroli inajaa, plagi inalowa, mnakaa hapo mnatazamana. Ikishawaka, macho nyuma: maji ya kupozea yanaruka? Yasiporuka, zima. Ndani ya mfuniko alibandika pini za akiba za propela, kwa sababu ukigonga jiwe pini ndiyo inayokatika ili gia zipone. Nilijua kubadilisha pini nikiwa bado sijui kufunga ndoana vizuri.

Halafu uvuvi wenyewe! Tulikuwa tunakokota chambo bandia nyuma ya boti, injini ikinguruma chini chini, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Fimbo ikiinama, mjomba anatoa gia bila kusema neno, mshipi unalia, na mimi nimeshasahau kila kitu duniani. Saa zile za kukaa bila kuguswa hata na dagaa sitakusimulia. Zilikuwa nyingi.

Baadaye nilinunua yangu, ndogo vilevile. Bwana mmoja mwenye boti kubwa aliniuliza mbele ya watu, "Bado unaendesha hicho kibeseni?" Wakacheka. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau. Yake ameshaiuza, mafuta yalimshinda. Changu kibeseni bado kinavua.

Hata Ole Evinrude, aliyeanza kuuza injini zake za boti huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, alianza na farasi moja na nusu. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kupiga makasia kuvuka ziwa kumletea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka njiani. Alitaka kupumzisha mikono. Ninyi mnataka mbio, samaki mnawapita huko chini, kisha mnasema ziwa limekwisha!

Anza na ndogo. Ijue. Jifunze kuisikiliza kabla hujaidai mwendo. Na ile kamba ya kuzimia injini, ifunge mkononi kila unapoondoka. Ukianguka majini, boti isiyo na mtu inaweza kuzunguka ikakurudia na propela inazunguka. Marekani wameifanya sheria tangu Aprili 2021 kwa boti nyingi zisizofika futi 26. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Theluthi ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, iliyobaki usiiguse.

Kwa boti yako, kijana, farasi 6 au 8 zinatosha, ilimradi kibao kinaruhusu. Ukipata iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iguse kwanza, maana ikishapashwa moto huwaka kirahisi na kuficha ubovu. Ukikuta ina moto, muulize alikuwa anaipashia nini, kisha subiri ipoe ndipo uvute kamba mwenyewe.