Barua kwa mwanangu Hamisi, na ule mnara wa Lindi

Mwanangu Hamisi,

Marahaba. Sisi hapa Mikindani wazima, ila magoti ya baba yako ni yale yale na bado anapanda paani kana kwamba ni kijana. Mnada wa korosho wa juzi bei haikumridhisha, basi kila anayepiga hodi hapa anasimuliwa upya kuanzia mwanzo. Ukimpigia, usiulize habari za korosho. Uliza habari za mbuzi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema ile video uliyovaa wigi la njano na kisketi, unatafuna bigijii na kupunga vishada, watu wameipenda sana, ila Zuhura amenuna na tangu Jumapili hapokei simu yako, eti umemdhalilisha yeye na wenzake wanaoshangilia timu ya kikapu pale chuoni. Kisha unaniuliza: "Mama, wewe umefundisha michezo miaka 31, hebu toa hukumu. Hao machialida ni wanamichezo kweli, au ni wa kupamba uwanja tu?"

Kupamba. Neno hilo, Hamisi, ungejua lilivyonikaa usingenitumia mimi.

Lakini umeuliza, na mwalimu haulizwi akanyamaza. Nilikaa na simu usiku kucha mpaka bando likaisha. Kwanza, wigi lako lina kosa. Mtu anayehesabiwa kuwa wa kwanza kusimama mbele ya umati na kuuongoza kupiga kelele kwa mpango alikuwa mwanamume, Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, tarehe 2 Novemba 1898, timu yao ikiwa imeandamwa na vipigo. Ilipita miaka 25 kabla wasichana hawajaingia kwenye kushangilia pale chuoni kwao, 1923, na walijaa hasa vijana wa kiume walipopelekwa Vita vya Pili vya Dunia. Eisenhower, yule jenerali aliyekuja kuwa rais, alipoumia goti akiwa chuo cha jeshi cha West Point aliwahi kuwa kiongozi wa washangiliaji. George W. Bush naye alikuwa hivyo shuleni kwake. Sijaona mtu akimvika Eisenhower wigi la njano.

Halafu hilo la ni mchezo au si mchezo. Mwaka 2009 chuo kimoja cha Connecticut, Marekani, Quinnipiac, kilitaka kufuta timu ya voliboli ya wasichana na kuwahesabu machialida mahali pao. Wasichana wa voliboli wakaenda mahakamani. Mwaka 2010 jaji akasema uchialida wa mashindano bado haujapangika vya kutosha kuhesabiwa mchezo mbele ya sheria yao ya usawa, ingawa huenda siku moja ukafika. Miaka 11 baadaye, 2021, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua rasmi shirikisho lao la dunia. Kutambuliwa tu, kwenye ratiba ya Olimpiki bado haumo. Ni kama mkwe aliyepokelewa posa lakini hajapangiwa siku ya harusi.

Kwa hiyo jibu la makaratasi ndilo hilo, ni na si, lichukue. Lakini mimi nilivyokusikia hukuulizia makaratasi. Umeuliza kama unaruhusiwa kuwacheka. Na kwa hilo jibu langu mnalijua nyote mliokula ugali wangu, mmelichoka: acheke aliyebeba.

Unajua mkono wangu wa kushoto haugeuki vizuri. Mkiwa wadogo niliwaambia nilianguka mwembeni. Si kweli. Baba yako anajua, mjomba wako Selemani anajua zaidi.

Mwaka 1981 nilikuwa darasa la sita Lindi mjini, na tarehe 9 Desemba nchi ilikuwa inatimiza miaka 20 ya Uhuru. Shule yetu tukapewa halaiki. Nyie wa siku hizi mnaiona halaiki kwenye Mwenge, kama ule uliozinduliwa Mtwara 2023, watoto wana fulana mpya na raba nyeupe. Sisi ilikuwa ndiyo kwanza vita vya Kagera vimekwisha, sabuni ya kipande unapanga foleni. Raba tulikuwa nazo jozi nne shule nzima. Vishada vya kupunga tulisuka kwa ukindu wa mikeka, bibi yangu akautia rangi nyekundu na kijani kwenye sufuria, na ile nyekundu ilivuja mpaka viganja vyetu vikawa kama vya wachinjaji. (Nimesoma kuna Mmarekani, Lawrence Herkimer, alipewa hataza ya vishada vya namna hiyo mwaka 1971. Bibi hakupewa chochote ila lawama za sufuria.)

Mwisho wa halaiki ulikuwa mnara. Wavulana sita chini, watatu juu ya mabega yao, na mimi kileleni kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuwa na akili ya kuogopa. Selemani alikuwa chini, pembeni kushoto. Tulifanya mazoezi wiki saba. Na yote ni hesabu, Hamisi. Mwalimu anahesabu moja mpaka nane, anarudia, moja mpaka nane. Tatu, wa katikati wanapanda. Tano, mimi naweka mguu. Saba, naachia mikono. Ukiachia sita umekwisha, ukiachia nane umemchelewesha mwenzako anayetetemeka chini yako. Nilikuwa nalala nahesabu. Mama alidhani nina homa.

Nakwambia hivi kwa sababu kwenye video yako yule msichana unayemwigiza anahesabu "moja, mbili, nne," kisha anacheka na kupuliza bigijii. Hapo ndipo watu wako wanapoanguka kwa kicheko, nimeona kwenye maoni. Mimi hapo ndipo niliposimamisha simu. Asiyejua kuhesabu, mwanangu, hafiki kileleni. Mcheke kwa lingine lolote, ila hilo ndilo jambo pekee lisilowezekana kwake.

Na lile tabasamu. Umelifanya la mtu asiye na kitu kichwani. Sisi mwalimu alituambia, "Tabasamu, hata ukifa tabasamu." Meno yote nje, shingo imenyooka, macho kwenye jukwaa kuu. Tabasamu lile ni kazi kama kazi nyingine, na linauma mashavu. Linafunika woga ili aliye chini asiuone ukashuka kwake.

Siku yenyewe mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku. Uwanja ulikuwa na harufu ile ya vumbi lililolowa. Tatu, tano, saba, nikaachia mikono, nikapunga vishada vyangu, nikaona bahari. Hilo sikuwahi kumwambia mtu: kutoka pale juu, nyuma ya paa, niliiona ghuba ya Lindi na dau moja lina tanga la viraka. Kisha kitu kikatikisika chini kushoto, kikapanda, kikafika kwenye nyayo zangu.

Nilianguka nikitabasamu. Na watu, Hamisi, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonesho. Makofi na vigelegele, mimi nipo chini mkono umekunjika pasipokuwa na kiungo.

Pembeni palikuwa na sanduku la huduma ya kwanza na mama mmoja aliyevaa nguo nyeupe, kwa ajili ya mpira wa miguu na netiboli zilizokuwa zifuate. Mwalimu wetu alikimbia kwenda kuomba. Afisa aliyekuwa na orodha mkononi, jina simtaji, watoto wake wapo, akaangalia orodha yake akasema, "Lile ni la wanamichezo. Hawa ni mapambo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma bei ya chumvi. Baba akanipakia kwenye baiskeli mpaka hospitali, na vishada bado nimevishika, rangi nyekundu inachuruzika, kila tunayepishana naye anadhani ni damu.

Sasa ukiniuliza mimi kama mapambo ni wanamichezo, unategemea niseme nini?

Ngoja, nisijidanganye. Baba yako anasoma hapa begani na anasema kuvunjika mkono si ushahidi. Kwa hesabu hiyo na kuangua nazi ni mchezo, na yeye paani ni bingwa wa taifa. Ana haki. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu, wale mabinti wa kushangilia niliwaweka mwisho kwenye posho, baada ya netiboli. Nilikuwa na sababu, fedha zilikuwa chache na netiboli walikuwa na mechi. Orodha ilikuwa mkononi mwangu safari ile. Sikusema neno mapambo, lakini sikuhitaji kulisema, si ndivyo? Basi na mimi sijui kama nina mdomo wa kumlaumu yule afisa.

Turudi kwenye kucheka. Mwezi mmoja baadaye kulikuwa na shughuli ya harusi nyumbani, mkono wangu ungali kwenye plasta. Usiku, baada ya wali, Selemani akatoka chumbani amejifunga kanga yangu, ana vikuti viwili mikononi. Akapanda juu ya kinu. Akahesabu mpaka saba. Akaachia mikono, akatabasamu vile vile, meno yote, shingo imenyooka, na macho, Hamisi, macho yake yakaenda pembeni kidogo kama ya mtu aliyeona kitu mbali. Sijui aliyaona vipi, yeye alikuwa chini amebeba. Kisha akaanguka, na akiwa chini vumbini akaendelea kupunga. Bibi alicheka mpaka akashikiliwa. Baba alicheka. Nami nilicheka nikalia, plasta ikanigonga puani.

Hiyo nayo ilikuwa dhihaka, na alinidhihaki mimi, mgonjwa, mbele ya ukoo mzima. Mbona haikunichoma na neno moja la yule afisa mpaka leo linanichoma? Nimelifikiria hilo miaka zaidi ya 40. Kule Newala kwenye midimu, ngoma yetu ya vinyago, mcheza kinyago akimwigiza mlevi au mtoza kodi, yule mwenyewe anayeigizwa hutoa sarafu. Anajiona: mwendo ni wake, kikohozi ni chake. Wewe mwenyewe ulipokwenda sekondari Dar wakakuuliza kila asubuhi kama umekuja na panya wa kukaushwa begini, ulirudi likizo umekonda. Na hapa nyumbani mjomba wako anapoanza hadithi zake za panya, nani huwa anacheka wa kwanza? Panya ni wale wale. Acheke aliyebeba, nimesema.

Lakini hata hapo pana mwiba. Siku ya arobaini ya baba, 2009, Selemani aliniita nyuma ya nyumba. Akaniambia siku ile siafu walimpanda mguuni, kutoka kifundo mpaka gotini, tangu hesabu ya pili. Alivumilia mbili, tatu, nne, tano, sita. Kwenye saba akahamisha mguu. Miaka 28 alikaa nalo hilo. Nikamuuliza, na ile ngoma yako ya kinuni? Akasema, "Ilibidi niwachekeshe kabla hawajauliza nani alitikisika." Sasa niambie. Aliyebeba ndiye aliyecheka, na aliyebeba ndiye aliyeniangusha. Nifanye nini na msemo wangu? Ninaushikilia tu, kama mtu anayeshikilia mwavuli uliotoboka.

Kuhusu video, sisemi uifute. Wewe ni mtu mzima, na uchekeshaji ndiyo kazi inayokulipia kodi ya chumba. Tena kuna mahali umenichekesha, pale sketi iliponasa kwenye msumari wa mlango. Hiyo inatokea, ilishamtokea mwalimu mwenzangu mbele ya mgeni rasmi. Zuhura naye ana hasira za haraka kama shangazi yake. Ningekuwa mimi, lile la kuhesabu ningelitoa. Sijasema ulitoe.

Jana nilimwonesha mjomba wako. Alivaa miwani, akashika simu mbali kama kawaida yake, akacheka mara moja kwenye sketi. Ilipokwisha akaomba irudiwe. Akatazama kimya mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa huyu, wenzake wa chini wako wapi?" Nikamwambia yuko peke yake. Akanirudishia simu, akaomba chai.

Korosho nimewapakilia kwenye basi la kesho asubuhi, mfuko mmoja wenye mafungu mawili. Lako ni lile lisilo na alama. La Zuhura nimelifunga kwa kamba nyekundu, ni zile nzima nzima, nimezichagua mwenyewe. Usimtume bodaboda. Mpelekee mwenyewe, ufike saa za mazoezi yao, na ukimkuta yuko juu usimwite jina mpaka ashuke.

Mama yako,
Mikindani